Kamba ya mgongo na njia ya chakula: toka kinywani mpaka chooni



Fasi ya fundisho katika namba hii tulipewa siye wanafunzi wa mwaka wa tano, seksio biolojia-kemia. Mwanzo tulikuwa tumetayarisha fundisho juu ya majani na namna yanavyotumia mwangaza wa jua. Kazi ilikuwa karibu kuisha. Lakini tuliiacha, na ni vizuri tuwaambie sababu mbele ya kuanza.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo mwenzetu mmoja alirudi kalasini juu ya kiti cha magurudumu. Jina lake hatuliandike, maana ndivyo alivyoomba, na ninyi wenye kumjua tunawaomba munyamaze. Alikuwa ameanguka toka juu ya mti wa maembe wakati wa likizo, akavunjika mgongo. Miguu yake haitembei tena na haisikii kitu. Katika juma la pili, tukiwa katika somo la Kifaransa, harufu ilisikika. Watu walianza kusogeza viti. Mmoja alitoa mzaha. Kalasi nzima ilicheka, na siye wenye kuandika tulicheka pamoja nao.

Nyuma ya siku ile tuliona kama saa ya mapumziko hali kitu. Hata maji hanywi. Wengine wetu tuliwaza: huyu ana majivuno. Kumbe yeye aliwaza hivi: nisipokula, hakuna kitu kitakachotoka. Nyuma ya majuma matatu walimpeleka hospitali, tumbo limejaa na kukazika sawasawa na ngoma. Aliporudi, yeye mwenyewe alituomba tuandike juu ya jambo hili. Alitazama karatasi zetu, akasema: "Majani yatangoja."

Basi, fundisho ni hili. Mwalimu wetu wa biolojia alilisahihisha, na munganga wa dispensere alilisoma lote mbele ya kutoa kopi. Kuko maneno ya choo humu ndani. Mwenye kuona haya avumilie kidogo, maana haya ndiyo ilikuwa karibu kumuua mwenzetu.

1. KAMBA YA MGONGO NI NINI?

Ubongo unakaa kichwani. Chini yake kunashuka kamba moja laini, yenye unene wa kidole kidogo na urefu wa santimetre 45 hivi kwa mtu mzima. Vitabu vingine vinaiita ugwe-mgongo. Inapita ndani ya tundu la mifupa ya mgongo: mifupa 7 ya shingo, 12 ya kifua, 5 ya kiuno, na chini kabisa ile yenye kushikamana pamoja. Kamba yenyewe haifiki mpaka chini. Kwa mtu mzima inaishia karibu na mfupa wa kwanza ao wa pili wa kiuno. Toka pale inashuka mishipa mingi pamoja, sawa mkia wa farasi. Kwa jumla kamba inatoa jozi 31 za mishipa ya fahamu, ambayo katika fundisho hili tutaiita neva.

Ili kuelewa kazi yake, tufikiri fonia. Wengi wetu tumeona fonia kwenye misioni ao kwenye hospitali: mtu anasema hapa, na kituo cha mbali kinajibu. Ubongo ni kituo kikubwa, na viungo ni vituo vidogo. Habari zinapita njia mbili. Zingine zinapanda: "huku kuko baridi", "huku choo kimejaa." Zingine zinashuka: "inua mguu", "funga mlango, ngoja kidogo." Kamba ikikatwa, ao ikigandamizwa na mfupa wenye kuvunjika, vituo vyote vilivyo chini ya kidonda havipati tena amri, na sauti yao haifiki tena juu.

Tushike neno hili, ndilo msingi wa fundisho lote: kituo chenye kukosa fonia hakikufa. Watu wake wanaendelea kulima na kupika. Kinachokosekana ni amri na habari.

Kwa hiyo ulizo la kwanza la munganga ni hili: kidonda kiko fasi gani? Tuchukue mfano wa kwetu Kongo. Konzo ni ugonjwa wenye kulemaza miguu yote miwili kwa ghafula. Daktari Giovanni Trolli aliandika habari zake toka Kwango mwaka 1938. Jina ni la Kiyaka, na maana yake ni miguu yenye kufungwa. Konzo inawapata watu wenye kula kwa majuma mengi muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, huku vyakula vya protini viko kidogo. Inaumiza neva za ubongo zenye kutuma amri za kutembea. Mgonjwa anatembea kwa ncha za vidole, ao hatembei tena. Lakini kwa kawaida anasikia ngozi yake, na anaweza kuzuia mkojo na choo. Mwenzetu naye hatembei. Lakini kwake ni kamba ya mgongo yenyewe iliyoumia, na habari za choo zilikatika pamoja na zile za miguu. Kwa macho watu hawa wawili wanafanana, ndani hawafanani.

2. KUMEZA

Kwanza tufanye jaribio dogo. Weka kidole juu ya koo, pale penye kokwa, halafu umeze mate. Unasikia kokwa linapanda na kushuka. Sasa umeze tena upesi upesi, mara nne. Mara ya tatu ao ya nne inakuwa ngumu. Sababu gani? Mate yameisha. Tunaanza kumeza kwa kutaka, lakini kazi yenyewe haiendi vizuri bila kitu chenye kugusa koo.

Mambo yanayofanyika ni haya. Ulimi unasukuma tonge nyuma. Tonge likigusa koo, neva zinapeleka habari katika shina la ubongo, na amri inarudi mara moja: njia ya pua inafungwa, pumzi inasimama, kokwa linapanda, kifuniko kidogo kinaziba bomba la pumzi, na mlango wa umio unafunguka. Sehemu hiyo ya koo inachukua yapata sekunde moja, na misuli zaidi ya 20 inatumika. Kisha umio, wenye urefu wa santimetre 25 hivi, unasukuma tonge mpaka tumboni kwa muda wa sekunde 8 ao 10.

Angalia vizuri: neva za kumeza zinatoka kwenye ubongo moja kwa moja. Hazipiti katika kamba ya mgongo. Kwa hiyo mtu mwenye kuvunjika mgongo ao kiuno anameza sawasawa na siye. Wenye kupata shida ya kumeza ni hasa wale wenye kuumia kichwani kwenyewe: mtu mwenye kugongwa na pikipiki, ao mtu ambaye mshipa wa damu wa ubongo wake umeziba ao umepasuka, ugonjwa wenye watu wengi wanauita AVC. Kwa AVC, katika siku za kwanza yapata nusu ya wagonjwa hawamezi vizuri. Wengi wao wanapata nafuu nyuma ya majuma machache. Mtu mwenye kuvunjika shingo naye aangaliwe: misuli ya kifua chake ni zaifu, na kikohozi chake hakina nguvu ya kutoa kitu chenye kupotea njia.

Hatari iko wapi? Chakula ao maji yanaingia katika mapafu, na mapafu yanashikwa na ugonjwa. Dalili ni hizi: mtu anakohoa wakati wa kula, sauti yake inakuwa kama yenye maji ndani, chakula kinabaki katika shavu, mate yanatiririka, homa inarudi mara kwa mara. Na kuko wengine wasiokohoa hata kidogo, sababu neva za koo hazitoi habari tena. Hao ndio wako katika hatari kubwa, maana jamaa wanasema: "Anakunywa vizuri."

Wengi tunawaza kama maji ni rahisi kuliko chakula. Kwa mgonjwa wa namna hii ni kinyume. Maji yanakimbia, yanafika mbele ya mlango kufungwa. Uji mzito unakwenda polepole.

Sasa neno la nyumbani. Mtu akianguka na kuzimia, ao akitetemeka kwa kifafa, ao akilegea upande mmoja kwa ghafula, kila mara kuko mtu wa kusema: "Mumpe maji kidogo apate nguvu." Musimpe. Wala maji, wala dawa, wala uji. Mwenye kuzimia mumlaze kwa ubavu, mate yatoke inje, na mumpeleke hospitali. Lakini kama alianguka toka juu ao aligongwa, kwanza musome sehemu ya 6 hapa chini. Munganga akisha kumpima na kuruhusu chakula, basi aketi wima, kidevu kishuke kidogo, apewe kijiko kidogo kidogo, na mwenye kumlisha angoje kuona koo limepanda mbele ya kijiko kingine. Asisemeshwe akiwa na chakula kinywani. Nyuma ya kula akae wima nusu saa, na kinywa kisafishwe. Kama hawezi kumeza kabisa, munganga anapitisha mpira mwembamba puani mpaka tumboni.

Magonjwa mawili mengine yanagusa njia hii ya kumeza. Tetanosi inakaza taya na koo, chanjo inaizuia. Kichaa cha mbwa kinafanya koo lijikunje hata kwa kuona maji tu, na dalili zikisha kutokea karibu hakuna mwenye kupona. Kwa hiyo mtu mwenye kuumwa na mbwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji mengi dakika 15, halafu akimbilie chanjo siku ile ile.

3. TUMBO NA UTUMBO MWEMBAMBA

Mwaka 1899, kule London, wataalamu wawili Bayliss na Starling walitazama utumbo wa mbwa. Walikata neva zote zenye kutoka inje kuingia katika utumbo. Wengi wangewaza kama kazi itasimama. Haikusimama. Kila fasi yenye kitu ndani, utumbo ulikazika nyuma yake na kulegea mbele yake, na kitu kilisukumwa kuelekea chini. Sababu yake ni kwamba ndani ya kuta za njia ya chakula kuko mtandao mwingine wa neva, wenye seli zaidi ya milioni 100, ambao unaweza kufanya kazi bila kungoja amri.

Tena kuko neva ya 10 ya ubongo, inayoitwa vagusi. Inatoka kwenye shina la ubongo, inashuka kando ya shingo na kupita kifuani, inafika tumboni, katika utumbo mwembamba, na katika sehemu ya kwanza ya utumbo mkubwa. Haipiti ndani ya mifupa ya mgongo. Kwa hiyo hata mgongo ukivunjika, tumbo na ubongo wanaendelea kusikilizana kwa njia hiyo. Bugali, sombe, samaki, vyote vinasagwa. Mwenzetu alituambia kama watu wengine walimletea dawa za "kusaga chakula". Hakuwa na lazima nazo.

Lakini tuseme mambo mawili.

La kwanza ni siku za mwanzo. Kamba ikiumia, mara nyingi utumbo unanyamaza kwa siku kadhaa. Munganga anaweka chombo chake juu ya tumbo, hasikii kitu. Tumbo linavimba. Ukimlisha mgonjwa wakati ule, atatapika, na matapiko yanaweza kuingia mapafuni. Tunajua jamaa wanaleta sahani kwa upendo. Wangoje neno la munganga.

La pili ni maumivu yasiyofika. Mtu mwenye kuumia juu ya kifua ao shingoni anaweza kupata ugonjwa mkubwa wa tumbo, hata utumbo kutoboka, asisikie maumivu kama siye. Basi tusingoje alie. Homa, kutapika, tumbo kuvimba, jasho, moyo kupiga upesi, ao maumivu juu ya bega bila sababu: yote hayo yatoshe kumpeleka kwa munganga.

4. UTUMBO MKUBWA: HAPA NDIPO SHIDA IKO

Utumbo mkubwa unapokea mabaki yenye maji mengi. Kazi yake ni kunyonya yale maji na kusukuma mabaki polepole. Kwa mtu mzima wa afya safari hiyo inachukua siku moja na nusu hivi, wakati mwingine zaidi. Sehemu ya mwisho ikijaa, habari inapanda: "kumejaa." Kama tuko katika somo, ubongo unajibu: "ngoja kengele." Msuli wa mlango unakazika, na siye tunaendelea kuandika. Hatujui hata kama tumefanya kazi kubwa.

Amri hizo za sehemu ya mwisho zinapita katika ncha ya chini kabisa ya kamba ya mgongo. Basi mtu mwenye kuumia fasi yoyote juu ya pale anakosa habari ya kujaa na anakosa nguvu ya kusema "ngoja". Hii si uvivu, si uchafu, si mambo ya malezi.

Kuko namna mbili, na dawa ya moja si dawa ya ingine.

a) Kidonda kiko juu ya ncha ya kamba (shingo, kifua). Ncha yenyewe ni nzima. Inafanya kazi peke yake, bila ubongo. Mlango unakaa umekazika, na choo kinakusanyika. Kisha siku moja kinatoka chenyewe kwa ghafula, bila kuuliza mtu. Uzuri wake: kwa sababu ncha bado inajibu, mtu anaweza kuiamsha kwa saa anayotaka.

b) Kidonda kiko kwenye ncha yenyewe ao katika neva za mkia wa farasi (kiuno). Hapo hakuna wa kujibu. Mlango unalegea. Choo kinaweza kuvuja mtu akikohoa ao akijiinua toka kitini. Kukiamsha haifai kitu. Lazima kitolewe kwa mkono, mara nyingi kila siku.

Katika namna zote mbili utumbo mkubwa unakwenda polepole kuliko mbele, pengine mara mbili ao zaidi. Na kadiri choo kinavyokawia, ndivyo kinavyokauka, sababu maji yanaendelea kunyonywa.

Sasa tunaelewa kosa la mwenzetu. Yeye ni wa namna ya kwanza. Aliacha kula na kunywa ili asiaibike. Lakini utumbo haukupata kitu kipya cha kusukuma, wala maji ya kulainisha. Choo kilikauka sawa udongo wa matofali. Kila siku ya njaa iliongeza mzigo. Na kilichomfanya akae na njaa ni kicheko chetu.

5. KAZI YA KILA SIKU

Hospitali walimfundisha utaratibu. Tunauandika kwa ufupi, lakini kila mgonjwa afundishwe na munganga wake, kwa sababu ya zile namna mbili.

Kwanza, saa moja isiyobadilika. Mwili unajifunza saa. Yeye alichagua asubuhi, siku moja anafanya, siku moja anaacha.

Pili, kula kitu na kunywa kitu cha moto mbele yake. Tumbo likijaa, utumbo mkubwa unaamka. Hii ni kweli kwa watu wote, na ina nguvu zaidi asubuhi. Anangoja dakika 20 ao 30, halafu anaanza.

Tatu, kuketi. Choo kinashuka vizuri mtu akiwa wima. Shimo la kuchuchumaa halimfai. Anahitaji kiti chenye tundu, kilichofunikwa na kitu laini, maana ngozi yake haisikii na kidonda cha kukalia kinaweza kuanza bila yeye kujua.

Nne, kuamsha. Kwa yule wa namna ya kwanza, kidole chenye glavu na mafuta, kucha imekatwa fupi, kinazungushwa polepole mlangoni kwa sekunde 15 ao 20, kisha anangoja, anarudia. Wengine wanatumia dawa ya kuweka nyuma. Yule wa namna ya pili anatoa kwa kidole. Kisha sabuni na maji.

Tano, chakula. Sombe, maharagi, lengalenga, mapapai, na maji siku nzima. Wa namna ya kwanza anatafuta choo laini chenye umbo. Wa namna ya pili anatafuta choo kigumu kidogo, kisivuje. Chakula kipya kikifanya vibaya, kinaachwa siku chache na kujaribiwa tena.

Kazi hiyo inamchukua karibu saa moja. Siye tunatumia dakika tano. Ile tofauti ndiyo inafanya achelewe siku zingine, na sasa munajua sababu.

6. HATARI ZA KUKUMBUKA

Kuharisha kwa uongo. Choo kigumu kikiziba njia, maji machafu yanapita kandokando na kutoka. Watu wanaona anaharisha, wanampa dawa ya kuzuia. Wanaziba zaidi. Mtu wa kamba ya mgongo akiharisha nyuma ya siku nyingi bila choo, kwanza munganga apime kama njia imeziba.

Lavema ya pilipili ao ya majani makali. Kwa mtu asiyesikia ni hatari kubwa. Itachoma utumbo, ao mpira utautoboa, na yeye hatalia.

Kichwa kuuma kwa nguvu sana. Mtu mwenye kuumia kwenye mfupa wa 6 wa kifua ao juu yake, kibofu ao utumbo wake ukijaa kupita, nguvu ya damu inaweza kupanda kwa ghafula. Uso unakuwa mwekundu ao wa moto, jasho linatoka juu ya kidonda, kichwa kinapasuka. Hii inaweza kuua. Musimlaze! Mumketishe wima, mulegeze mkanda na viatu, muangalie kama mpira wa mkojo umekunjika, na mumwite munganga mbio. Sababu ikiondolewa, damu inashuka.

Na mtu akianguka toka juu ya mti ao ya nyumba, musimwinue kwa mabega na miguu sawa mfuko wa mihogo. Kamba iliyogandamizwa kidogo inaweza kukatika kabisa wakati wa kubebwa. Mtu mmoja ashike kichwa kisigeuke, watu wengine wanne wamgeuze kwa mara moja, sawa gogo, wamweke juu ya ubao ao mlango. Akianza kutapika, ni hivyo hivyo: ageuzwe mzima kwa ubavu, kichwa na mgongo pamoja.

7. KUTOKA KIFO MPAKA MICHEZO

Katika vita ya 1914-1918, askari wengi wenye kuvunjika mgongo walikufa nyuma ya majuma ao miezi michache, kwa vidonda vya kulalia na ugonjwa wa mkojo. Waganga walisema hakuna la kufanya. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann, Myahudi aliyekuwa amekimbia toka Ujerumani, alipewa kazi kwa hospitali ya Stoke Mandeville kule Uingereza. Hakuwa na dawa ya kuunganisha kamba. Hata leo hakuna dawa ya kuirudisha ilivyokuwa. Yeye alileta utaratibu: wagonjwa wageuzwe kila saa mbili, mchana na usiku, mkojo uangaliwe, kisha kazi na michezo. Mwaka 1948 aliwashindanisha wagonjwa 16 kwa upinde na mshale. Toka pale ilizaliwa michezo ya Paralimpiki, ambayo ya kwanza ilifanyika Roma mwaka 1960.

Kwetu hatukuhitaji mambo makubwa. Bwana prefe aliruhusu choo kimoja kipanuliwe mlango. Wanafunzi wa mwaka wa sita walitengeneza kiti cha mbao chenye tundu. Mwenzetu anatoka kalasini bila kuinua mkono, na anarudi bila kuulizwa. Saa ya mapumziko anakula bugali na maharagi pamoja na siye, na anakunywa.

Toka aliporudi, ajali ilitokea mara moja tu, wakati wa jiografia. Mmoja wetu alisukuma kiti chake mpaka inje, mwingine alifungua dirisha, mwalimu akaendelea na mto Lualaba.

MAULIZO YA KUJIPIMA

1. Kwa nini mtu mwenye kuvunjika kiuno anameza vizuri, lakini mtu wa AVC pengine hamezi?
2. Kati ya maji na uji mzito, nini hatari zaidi kwa mwenye shida ya kumeza? Eleza.
3. Bayliss na Starling walikata neva za inje. Utumbo ulifanya nini, na sababu gani?
4. Toa tofauti mbili kati ya mtu mwenye kuumia juu ya ncha ya kamba na mwenye kuumia kwenye ncha yenyewe.
5. Mtu wa kamba ya mgongo hajaenda choo siku sita. Leo anaharisha maji. Utamshauri nini?
6. Mgonjwa wa konzo na mwenzetu wote hawatembei. Nini kinawatofautisha?

Majibu muyalete kwa mwalimu wa biolojia mbele ya siku ya ijumaa. Ulizo la 5 alilitunga mwenzetu yeye mwenyewe, na yeye ndiye atalisahihisha.

Fundisho juu ya majani litatoka katika namba yenye kufuata.

Siye wanafunzi wa mwaka wa tano, biolojia-kemia